Martini-Henry na gobori la TOWER: nitajuaje kama ni halisi au zimechezewa?

Pete_Tatu

Wakuu, naomba macho yenu. Kuna bunduki mbili nafikiria kuzichukua kwa ajili ya kutunza tu, kupiga sina mpango. Muuzaji ni mmoja na kila moja ameipa hadithi yake. Naandika nilichokiona na nilichopima, mniambie kipi kinakaa na kipi hakikai.

Ya kwanza ni Martini-Henry. Upande wa kulia wa kasha la mtambo kuna taji, chini yake V.R. (Victoria Regina, yaani Malkia Victoria), kisha ENFIELD (kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza), kisha 1878, kisha III. Wenzo wa kufungulia ni mfupi. Chuma chote ni cheusi tititi na kinang'aa kama kiatu kilichotoka kupigwa rangi. Juu ya bamba la kitako wamegonga "24" na namba 617. Muuzaji anasema ilikuwa mikononi mwa Kikosi cha 24 pale Isandlwana, kwenye vita vya Waingereza na Wazulu, 22 Januari 1879.

Ya pili ni gobori la gumegume, lile linalowashwa kwa cheche za jiwe. Mtutu una sm 99. Bamba la mtambo lina taji na GR (Mfalme George) katikati, na neno TOWER nyuma. Nyundo inayoshika jiwe ina shingo yenye tundu la duara. Hii inasemekana ilipigana vita vya uhuru wa Marekani.

Maswali yangu: nianzie wapi kukagua? Alama zinatosha? Na ile rangi nyeusi inayong'aa ni dalili nzuri au mbaya? Nimeruhusiwa kukaa nazo siku mbili na kuzifungua.

---

Fundi_Tupa

Kabla ya kutazama alama yoyote, hakikisha hazina kitu ndani. Kwa Martini ni rahisi: shusha wenzo, kabari (kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) inainama, unaona mwanga kutoka mdomo wa mtutu. Gobori ndilo linalodanganya, maana halifunguki nyuma, na magobori yaliyokaa ukutani miaka mia huku yameshindiliwa baruti na risasi si adimu hata kidogo. Ingiza mdeki (fimbo ya kushindilia) taratibu mpaka ugote, weka alama ya chaki kwenye mdeki pale unapokutana na mdomo wa mtutu, utoe, kisha uulaze kwa nje sambamba na mtutu, chaki ikiwa mdomoni. Ncha ya mdeki inatakiwa ifike usawa wa kitundu cha moto au karibu yake sana. Ikiishia sm 3, 4 au zaidi kabla ya kitundu, kuna kitu. Inaweza kuwa kitambaa au kiota cha nyigu, lakini ichukulie kuwa ni baruti, na baruti nyeusi haizeeki. Usichokonoe kwa chuma, usitoboe, usipashe moto. Mpe fundi wa silaha mwenye leseni.

Sasa kuhusu alama. Wengi huanzia hapo, na ndiyo maana wengi hupigwa. Alama ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kughushi: mtu anahitaji seti ya vyuma vya kugongea herufi, nyundo na saa moja ya nafasi. Mtutu wenye mifereji sahihi, ile ya ndani inayoizungusha risasi, hautengenezwi kwa saa moja. Kwa hiyo anza na vitu vigumu kughushi, alama zije mwisho kuthibitisha au kukana.

Kwa Martini-Henry pima haya:

Urefu wa mtutu. Bunduki ya askari wa miguu ilikuwa na mtutu wa inchi 33.2 hivi, yaani sm 84.3. Fungua kabari, sukuma fimbo ya mbao iliyonyooka kutokea mdomoni mpaka ncha yake ilingane na uso wa nyuma wa mtutu pale risasi inapoingilia, weka alama, pima. Tofauti ya milimita mbili tatu si kitu. Ikipungua sm 1 au zaidi, ama umekatwa mdomoni ama si mtutu wa Enfield.

Mifereji. Muundo wa Alexander Henry una mifereji 7. Isafishe kwanza, kisha ihesabu kwa kuweka karatasi nyeupe kwenye kabari iliyofunguliwa na kutazama kutoka mdomoni. Hesabu mara mbili, tena uanzie mfereji mwingine mara ya pili, kwa sababu 6 na 7 hukoroga macho.

Mzunguko wa mifereji. Unatakiwa ukamilishe zamu moja kila inchi 22, karibu sm 56, kwenda kulia. Chukua fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka wenyewe, funga kitambaa kinachobana, bandika kipande cha utepe juu ya fimbo karibu na mpini. Sukuma polepole. Utepe ukirudi juu kabisa, pima fimbo imeingia sm ngapi. Rudia mara tatu, maana kitambaa kikilegea kitateleza juu ya matuta na kukupa namba ndefu ya uongo.

Tundu la risasi kwa nyuma. Risasi ya .577/450, ndiyo ya Martini-Henry, ina umbo la chupa. Kitako chake kina kipenyo cha karibu mm 17, halafu inabanwa mpaka inchi .450 mbele. Ukiangaza taa kwa ndani unaona bega la chupa hiyo wazi.

Vipimo hivi vinne havitakuambia kila kitu, ila vikikataa vyote, usipoteze muda na taji.

Rangi yako hiyo nyeusi inayong'aa mimi siipendi. Weusi wa viwanda vya jeshi vya karne ya 19 ulipatikana kwa kutia chuma kutu kidogokidogo, kukichemsha, kukisugua, na kurudia tena na tena. Matokeo yake ni weusi uliopoa, wa kama hariri, na kwa kioo cha kukuzia unaona ngozi ya chuma ina vinyweleo vidogo sana. Weusi wa kung'aa kama kioo hutokana na kuchemsha chuma kwenye chumvi kali, njia iliyoenea kuanzia miaka ya 1930 na 1940. Huwa unaingia hata ndani ya matundu ya skrubu na kwenye kingo zilizotakiwa kuwa zimechakaa. Kuna pia ile dawa ya baridi ya kupaka kwa kitambaa: sugua kwa nguvu kwa kidole gumba mpaka chuma kipate joto, halafu nusa kidole. Ile harufu kali ya madini hutaisahau.

---

Msoma_Mihuri

Naunga mkono kuacha alama mwisho, ila hapa alama zenyewe zinagombana, kwa hiyo niruhusuni nirukie.

Hiyo III ni Mark III, toleo la tatu la Martini-Henry, na ilipitishwa mwaka 1879. Kasha lililoandikwa 1878 na III linahitaji maelezo, na mzigo wa kueleza ni wa muuzaji. Kuna Mark I nyingi zilizorekebishwa kuwa Mark II, hivyo kasha la 1874 lenye II ni jambo la kawaida. Lakini hapo tarakimu iliongezwa, na mara nyingi unaona kwamba alama ya nyongeza haikupigwa siku moja na zile za kwanza. Yako itazame kwa kioo: je, zile I tatu zina kina kimoja, zimenyooka pamoja, zimetoka kwenye chuma kimoja cha kugongea?

Usiishie kwenye tarakimu. Mark III ina tofauti ya umbile: mbao ya mbele ina ndoano ya chuma kwa nyuma inayonasa kwenye uso wa mbele wa kasha. Mark II haina. Toa pete, toa pini, vuta mbao, utazame. Kama imeandikwa III na haina ndoano wala mahali pa ndoano, basi aliyeandika III alikuwa ananakili picha tu.

Kuhusu "24". Kikosi cha 24 kilikuwapo Isandlwana, hilo ni kweli. Bunduki za Martini ziligongwa alama za vikosi juu ya bamba la kitako, hilo nalo ni kweli. Ndiyo sababu mwongo huchagua hapohapo. Mwaka 1881 vikosi vya Uingereza vilipangwa upya na cha 24 kikawa South Wales Borderers. Askari waliouawa Januari 1879 walikuwa na bunduki zilizokwisha kutoka kiwandani na kusafirishwa kwa meli kabla ya hapo. Mark III iliyopitishwa 1879 haikuwapo pale. Muuzaji achague: aache III au aache Isandlwana. Vyote viwili kwa pamoja haviwezekani.

Sasa namna ya kusoma alama moja moja. Alama iliyogongwa kwa nyundo au mashine husukuma chuma pembeni, hivyo kingo za herufi zinainuka kidogo. Pitisha ukucha kutoka nje kwenda ndani ya herufi: unapanda kilima kidogo, kisha unashuka. Hata baada ya miaka 140 ya kushikwa, kilima hulainika bila kuisha kabisa. Kama hakuna kilima na herufi hazina kina, kasha limesuguliwa kwa msasa au gurudumu baada ya kugongwa. Herufi iliyochongwa kwa patasi ina umbo la V na mikwaruzo mirefu ndani. Iliyokatwa kwa leza ina sakafu iliyoungua yenye vidoto vilivyopangana. Iliyoliwa kwa tindikali ina sakafu bapa na kingo zenye meno.

Halafu kuna kutu, shahidi ambaye hakuna aliyemfundisha cha kusema. Tafuta shimo la kutu lililogusa herufi. Kama shimo limekula ukingo wa herufi, herufi ni ya zamani kuliko kutu. Kama herufi imepita katikati ya shimo na kingo zake ni kali ndani ya shimo, herufi ilikuja baada ya kutu, na mtu ana maswali ya kujibu. Fanya hivi kwenye "24" kabla ya kwingine kokote.

Makosa ya wazi yanayotafutwa na kila mtu ni haya: herufi N iliyogeuzwa, ENFIELD iliyokosewa tahajia, au V.R. pamoja na mwaka wa baada ya Malkia Victoria kufariki, 22 Januari 1901. Ukiyaona, kazi imekwisha: hiyo ni nakala ya mafundi wa mpaka wa Khyber, kati ya Pakistan na Afghanistan, sehemu kama Darra Adam Khel. Lakini usigeuze hoja. Fundi mzuri wa kule hunakili N sawasawa na mwaka sawasawa. Kukosekana kwa makosa si uthibitisho.

Alama nyingine za kutafuta ni mshale mpana wa serikali ya Uingereza na vitaji vidogo vya wakaguzi vyenye herufi na namba chini yake, E kwa Enfield. Hizi zilipigwa kwenye sehemu ndogo ndogo, hata mahali pasipoonekana bila kufungua. Mwenye kughushi hupamba uso wa kulia, ndani haoni haja. Ukikuta mishale miwili imekutana ncha kwa ncha, usishtuke, ni alama ya bunduki iliyouzwa nje ya jeshi kihalali. Maandishi ya Kidevanagari (herufi za Kihindi na Kinepali) pia si kasoro, kuna Martini halisi za Uingereza zilizohudumu Nepal. Ila Nepal ilikuwa na bunduki yake iliyotengenezwa kwa mkono, iitwayo Gahendra, inayofanana na Martini kwa nje na kutofautiana kwa ndani, hivyo fungua kasha kabla ya kutoa jina.

---

Mjozi_Mkavu

Mmesahau mbao, nayo husema ukweli kwa urahisi zaidi.

Kwenye kitako kilichotoka kiwandani, mbao hukaa juu kidogo kuliko chuma pale vinapokutana, unene wa kucha hivi. Pitisha kidole kutoka kwenye mbao kwenda kwenye bamba la kitako na kwenye kasha. Ukihisi chuma kimezidi mbao, imepigwa msasa. Muhuri wa duara upande wa kulia wa kitako ndio wa kwanza kufa kwa msasa, kwa hiyo muhuri uliofifia nusu na mbao iliyo chini ya chuma ni mashahidi wawili wa jambo moja. Muhuri mkali juu ya mbao iliyopigwa msasa, huo umegongwa jana.

Rangi ya mbao: jeshi lilitumia mafuta ya kitani juu ya mbao ya mjozi (walnut). Washa taa ya urujuanimno kwenye chumba cha giza. Sheleki (vanishi ya asili) hung'aa rangi ya chungwa, vanishi za plastiki za kisasa na gundi za epoksi hung'aa weupe wa samawati. Vipande vilivyozibwa kwa epoksi vinajitokeza kama viraka vya mwezi. Sheleki yenyewe si ushahidi wa kughushi, mtu anaweza kuwa aliipaka kulinda mbao, lakini si mkono wa kiwanda.

Ndani ya mbao kuna maelezo zaidi. Mashine za Enfield zilikata nafasi ya mtutu na kasha kwa kisu kinachozunguka, kwa hiyo sakafu ni laini na kona zina mviringo unaofanana pande zote. Kazi ya patasi huacha nyuso bapa nyingi ndogo, kila moja ikielekea upande wake, na mianya inayojazwa masizi na mafuta. Nakala ya Khyber huonekana hapa haraka kuliko popote. Weka tochi chini kabisa, pembeni, mwanga ulale juu ya mbao, patasi itajitokeza yenyewe.

Na tafadhali usisugue chochote. Kitambaa kikavu na mafuta mepesi kidogo kwenye chuma, basi. Kila brashi ya waya inayopita inafuta ushahidi.

---

Gumegume1809

Nichukue gobori, Martini ina wenyewe.

Hadithi ya vita vya Marekani inaanguka kwenye futi ya kupimia. Mitutu ya magobori ya jeshi la Uingereza ilifupishwa kwa hatua: ule mrefu inchi 46, karibu sm 117, mfupi wake inchi 42, karibu sm 107, kisha muundo wa India, inchi 39, yaani sm 99 zako. Muundo wa India ulikuwa wa Kampuni ya Mashariki ya India, na serikali ya Uingereza iliuchukua kwa jeshi lake mwaka 1797. Vita vya Marekani viliisha 1783. Halafu nyundo yenye shingo ya tundu ni ya kuanzia 1809, kabla ya hapo shingo ilikuwa nyembamba iliyopinda kama ya bata. Kwa hiyo kama kila kitu ni halali, unachoshika ni gobori la muundo wa India, la vita dhidi ya Napoleon au baadaye. Hicho ni kitu kizuri, ila hakijawahi kuona Marekani ya 1776.

Tahadhari moja kuhusu mtutu wa sm 99: unaweza pia kuwa wa sm 107 uliokatwa. Tazama kishikio cha singe karibu na mdomo. Kama kimesogezwa, chini yake au nyuma yake utaona alama ya kilipokuwa, au kimeunganishwa kwa solda mpya inayong'aa.

Neno TOWER halimaanishi lilitengenezwa ndani ya ngome ya London. Lilikuwa neno la mfumo wa serikali wa kukusanya na kukagua, halafu likaigwa na kila mtu kwa sababu lilikuwa linauza. Kabla ya 1764 bamba la mtambo lilikuwa na jina la mtengenezaji na mwaka. Baada ya hapo mwaka ukaondolewa. Ukikuta TOWER na mwaka wa 1770 na kitu, hapo nyusi zipande. Lako halina mwaka, ni sawa kwa muundo wa India.

Toa mtutu ugeuze chini. Pini zinatoka kwa kugongwa kwa kipande cha shaba, si msumari. Chini ya mtutu huweza kujificha alama za majaribio. Ukikuta ELG ndani ya duara la yai, mtutu ni wa Liège, Ubelgiji, na ukiona taji juu ya duara hilo ni baada ya 1893: ni bunduki ya biashara, TOWER yake ni mapambo. Ukikuta nyota na herufi PN, na kando yake kisanduku chenye herufi mbili, ni nakala ya Italia ya kisasa. Ukikuta mahali palipochimbwa kwa tupa, duara bapa lililopoteza mviringo wa mtutu, hapo palikuwa na alama ambayo mtu hakutaka uione. Lipime kwa rula iliyonyooka, mwanga utapita chini yake.

Jambo kubwa kuliko yote kwa gumegume ni kurudishwa nyuma. Magobori mengi yaligeuzwa kuwa ya fataki (yanayowashwa kwa kikofia kinacholipuka badala ya jiwe) katika karne ya 19, na baadaye wauzaji wakayageuza tena kuwa ya gumegume kwa sababu wanunuzi wanayapenda hivyo. Geuzo la kwanza ni historia, la pili ni biashara. Namna ya kulikamata:

Kitundu cha moto. Kwenye gobori lililotumika, chuma kuzunguka kitundu na juu ya kisahani cha baruti kimeliwa na moto, kina mashimo mashimo, na kitundu kimepanuka bila kuwa duara kamili. Kitundu cha mm 1.5 cha duara safi kwenye mtutu wenye kutu kila mahali kimetobolewa upya. Angalia pia kwa ndani, kwa taa ndogo ya waya: skrubu iliyoziba tundu la fataki huacha pete ya nyuzi zake.

Bamba la mtambo. Waliolibadili kuwa la fataki waliondoa kisahani, springi ya bamba la kugongwa (lile jiwe linalolipiga kutoa cheche) na bamba lenyewe, wakaziba matundu ya skrubu. Geuza bamba, tazama nyuma kwa mwanga wa pembeni. Matundu yaliyozibwa huonekana kama sarafu ndogo za rangi tofauti kidogo hata baada ya kusuguliwa.

Nyundo mpya. Nyundo za leo husubiwa kwenye kalibu. Kati ya taya, pale jiwe linapobanwa, ndipo tupa haifiki. Ukiona ngozi ya chembechembe kama ganda la chungwa au mstari wa kalibu, umeipata. Ya zamani ilifuliwa kisha ikapigwa tupa hata mle ndani.

Mbao nyuma ya kisahani. Miaka ya cheche huacha mbao imeungua na kuwa nyeusi ndani ya nyuzi zake. Wino au rangi hukaa juu. Doa la pamba lenye spiriti kidogo, mahali pasipoonekana, litakueleza.

---

Pete_Tatu

Asanteni sana, sikutegemea kupata shule kamili. Zote mbili hazina kitu ndani.

Martini: mtutu sm 82.4. Mifereji ni 6, nimehesabu mara nne, na miwili ni mipana kuliko mingine. Zamu moja inakamilika karibu sm 70, nikirudia inatoka 68, mara 71. Mbao ya mbele haina ndoano. Ndani ya mbao kuna patasi kila mahali. Zile I tatu hazina urefu sawa. Kwenye "24" kuna shimo la kutu na mguu wa 4 umepita humo, kingo zake ni kali. Ndani ya kasha hakuna hata kitaji kimoja. Skrubu tatu za aina moja kwa macho haziingiliani nafasi.

Gobori: chini ya mtutu nimekuta alama mbili zenye taji, ELG hakuna, PN hakuna. Kitundu kina umbo la yai, kumeliwa pande zote. Nyuma ya bamba sijaona sarafu. Kati ya taya za nyundo ni laini. Lakini mbao ina kiraka karibu na singe, na mdeki ni mwembamba kuliko mfereji wake.

Je, hiyo Martini ni ya kutupa? Na skrubu kutoingiliana kunaweza kuwa ni uchakavu tu?

---

Fundi_Tupa

Skrubu kwanza. Enfield ya miaka ya 1870 ilitengeneza sehemu za kubadilishana, huo ndio ulikuwa ufahari wa kiwanda. Skrubu mbili za nafasi moja kukataana si uchakavu, ni kazi ya mkono, kila skrubu na tundu lake vilikatwa pamoja. Usilazimishe ikae, nyuzi zikikatika hazirudi, na usijaribu skrubu ya kisasa "kuona kama inaingia."

Mifereji 6 isiyolingana na zamu inayobadilika kati ya 68 na 71 inamaanisha chombo kilichokata mifereji kiliongozwa kwa mkono. Hiyo ni nakala ya Khyber, na fundi wake hakuwa mvivu. Kazi ya muuzaji ni "24" pamoja na rangi ya chumvi juu yake. Hayo mawili yatenge. Nakala ya Khyber ni bunduki halisi ya mahali pake na ina watunzaji wake. Uongo umeongezwa baadaye.

Usiipige, kwa hali yoyote. Chuma cha mtutu hakijulikani, kabari imepigwa tupa kwa macho, na kiasi cha risasi ya .577/450 ni baruti nyeusi gramu 5.5 nyuma ya risasi ya gramu 31. Kabari ikiachia, uso wako uko nyuma yake moja kwa moja.

---

Msoma_Mihuri

Nakubaliana, ila kuhusu rangi nisingesema ni ya muuzaji huyu, huenda alinunua ikiwa hivyo. Kinachotosha ni kwamba mguu wa 4 umekuja baada ya kutu. Kama utaichukua, ichukue kwa jina lake, na kwenye daftari lako andika: "Nakala ya Khyber ya Martini-Henry, alama za Enfield 1878 III za kughushi, 24/617 imeongezwa baadaye." Piga picha ya lile shimo la kutu kwa kioo cha kukuzia na uiambatanishe, ili atakayeipata baada yako asisikie tena habari za Isandlwana.

---

Gumegume1809

Gobori lako linasimama. Kiraka cha mbao karibu na mdomo ni ajali ya kawaida, sehemu hiyo ni nyembamba na singe huipasua. Kama gundi yake haionyeshi dalili za epoksi kwa taa ya urujuanimno, kiraka huenda ni cha zamani. Mdeki ni wa kubadilishwa, hiyo nayo ni kawaida mno, ndicho kitu kilichopotea kuliko vyote. Usiingize mwingine mnene kwa nguvu, utapasua mbao chini ya pete.

Kilichobaki: linganisha zile alama mbili za taji na za mwanzoni mwa karne ya 19, na utazame kama namba yoyote ya askari au kikosi kwenye bamba la shaba la mkononi (pale kitako kinaposhikwa) imesuguliwa. Shaba iliyosuguliwa hubonyea katikati, ukiweka rula unaona. Halafu mwambie muuzaji afute hadithi ya Marekani kwenye risiti, aandike "muundo wa India, baada ya 1809."

Hakikisha pia sheria ya mahali ulipo kabla ya kulipeleka nyumbani. Mipaka ya umri hutofautiana: Marekani, kwa mfano, huhesabu silaha za kale kuwa zile zilizotengenezwa hadi mwisho wa 1898, na nchi nyingine hutazama aina ya risasi au uwezo wa kupiga.